Anzia katikati: kulinganisha minyororo ya elektroni ya mitokondria na kloroplasti

Mwanafunzi akiambiwa alinganishe mnyororo wa usafirishaji wa elektroni katika upumuaji wa seli na ule wa usanisinuru, mara nyingi huchora jedwali la safu mbili na kuanza kujaza: huku mitokondria, kule kloroplasti, huku oksijeni inatumika, kule inatolewa, huku NADH, kule NADPH. Hakuna alichokosea, lakini jedwali la namna hiyo halijibu swali lolote la maana. Muulize sumu ya rotenoni ikiingia ni kibebaji kipi kitajaa elektroni na kipi kitabaki kitupu, au kwa nini kloroplasti hutumia protoni nyingi zaidi kwa kila ATP, na jedwali lake halina la kusema.

Kinachomkwaza ni mahali alipoanzia. Ameanza na miisho, yaani kinachotoa elektroni na kinachozipokea, na huko ndiko minyororo hii inakoachana kabisa. Katikati mashine ni karibu ile ile. Ukielewa barabara sehemu inayofanana, tofauti za miisho hujipanga zenyewe.

Hatua zifuatazo zinamfaa mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, wa mwaka wa kwanza chuoni, na mwalimu anayetafuta zoezi la vipindi viwili. Andaa karatasi mbili za A4, rula, penseli na kalamu nyekundu.

## Kwanza, pande za utando

Kwenye karatasi ya kwanza chora tando mbili, moja chini ya nyingine: utando wa ndani wa mitokondria, na utando wa thilakoidi wa kloroplasti. Kila utando una upande ambako protoni hurundikwa na upande ambako huchotwa. Katika mitokondria, protoni hurundikwa kwenye nafasi nyembamba kati ya utando wa nje na wa ndani, na huchotwa kwenye matriksi. Katika kloroplasti hurundikwa ndani ya lumeni ya thilakoidi, na huchotwa kwenye stroma. Weka upande wa mrundikano juu katika michoro yote miwili, hata kama kitabu chako kimechora kinyume.

Kosa linalojirudia hapa ni kusema «matriksi iko ndani, lumeni iko ndani, kwa hiyo ni kitu kimoja». Sivyo. Matriksi ni sawa na stroma. Lumeni ni sawa na ile nafasi kati ya tando mbili. Ukisahau, tafuta kichwa cha ATP sinthasi, kimeng'enya kinachotengeneza ATP; kichwa ni ile sehemu ya duara inayotokeza nje ya utando. Kichwa hicho huangalia upande wenye protoni chache, na ATP hutengenezwa upande huo huo: matriksi kwenye mitokondria, stroma kwenye kloroplasti. Mzunguko wa Krebs uko kwenye matriksi na mzunguko wa Calvin uko kwenye stroma, kwa hiyo ulinganifu hauvunjiki.

Ukiwa hapo, kumbuka kuwa elektroni hazipiti kwenye ATP sinthasi. Makundi ya protini ya mnyororo wa mitokondria huitwa kompleksi I hadi IV; vitabu vingine huiita sinthasi kompleksi V, na jina hilo huwafanya wengi wachore mshale wa elektroni kutoka kompleksi IV kwenda V. Kwenye V hupita protoni peke yake. Tumia penseli kwa njia ya elektroni na kalamu nyekundu kwa njia ya protoni, na kosa hilo halitatokea.

## Katikati: kwinoni, saitokromu, protini ndogo

Mnyororo wa mitokondria katikati ni huu: yubikwinoni, kisha kompleksi III (saitokromu bc1), kisha saitokromu c. Wa kloroplasti: plastokwinoni, kisha saitokromu b6f, kisha plastosianini. Viandike vikikabiliana, kimoja juu ya mwenzake.

Kwinoni zote mbili huyeyuka kwenye mafuta. Zina mkia mrefu unaozishikilia ndani ya utando, na husafiri humo humo pembeni bila kutoka nje. Kila moja hubeba elektroni 2 pamoja na protoni 2. Protini ndogo inayopokea mwishoni huyeyuka kwenye maji, hutambaa juu ya uso wa utando upande wa mrundikano, na hubeba elektroni 1 tu kwa safari. Saitokromu c hushika elektroni kwa chuma, plastosianini kwa shaba. Miani kadhaa ikikosa shaba huacha plastosianini na kutumia saitokromu c6 yenye chuma, na kazi inaendelea vile vile.

Sasa angalia tatizo lililopo kati yao: kwinoni inaleta elektroni 2 kwa mara moja, lakini mpokeaji anabeba 1. Suluhisho linaitwa mzunguko wa Q, na liko kwenye minyororo yote miwili. Fuata hatua kwa penseli:

Kwinoni iliyojaa hufika kwenye tundu lililo karibu na upande wa mrundikano na kuachia protoni zake 2 huko. Elektroni ya kwanza huchukuliwa na protini ya Rieske, yenye kishada cha chuma na salfa. Kichwa chake hujongea na kuikabidhi kwa saitokromu c1 (au saitokromu f kwenye kloroplasti), nayo huipa protini ndogo. Elektroni ya pili haiendi huko. Hurudishwa kukatiza utando kupitia hemu mbili (vishikio vyenye chuma) za saitokromu b, hadi kwenye tundu la pili lililo upande wa kuchota protoni, ambako kwinoni tupu inasubiri. Kwinoni hiyo sasa ina elektroni 1, yaani imekuwa semikwinoni.

Kwinoni ya pili iliyojaa hufika na mambo hujirudia: protoni 2 zaidi zinaachiwa, elektroni 1 inakwenda kwa protini ndogo nyingine, na 1 inarudi kwa semikwinoni. Semikwinoni inakamilika, inachota protoni 2 kutoka matriksi au stroma, na inakuwa kwinoni iliyojaa tena. Hesabu ya mwisho: kwinoni 2 zimetumika na 1 imetengenezwa upya, kwa hiyo imetumika 1 tu. Elektroni 2 zimefika kwa protini ndogo, protoni 4 zimeachiwa upande wa mrundikano, na 2 zimechotwa upande wa pili. Tarakimu hizi hazibadiliki kutoka bc1 hadi b6f. Asiyezielewa atakariri tu «kompleksi III inasukuma 4», kisha ashangae kuona kitabu kingine kimeandika 2. Vitabu vyote viwili viko sahihi, kimoja kimehesabu zilizoachiwa na kingine zilizochotwa.

Ushahidi kwamba katikati ni pamoja unapatikana kwa sianobakteria. Hawa hawana mitokondria wala kloroplasti, na kwenye tando zao za thilakoidi usanisinuru na upumuaji hutumia plastokwinoni zile zile na saitokromu b6f ile ile. Mchana elektroni hutoka kwenye maji, usiku hutoka kwenye chakula kilichohifadhiwa. Arthrospira, inayoyapa maji ya Ziwa Bogoria rangi ya kijani na kulisha heroe wadogo, ni mmoja wao.

## Ngazi ya volti

Chukua karatasi ya pili, uisimamishe. Chora mstari wima wa sm 27, ukiweka −1.4 V juu kabisa na +1.3 V chini kabisa. Kila sm 1 ni 0.1 V. Volti hizi hupima mvuto wa elektroni: kilicho hasi zaidi hutoa elektroni kwa urahisi, kilicho chanya zaidi huzipokea. Hasi lazima iwe juu. Ukiweka chanya juu, elektroni zitaonekana kama zinapanda mahali zinaposhuka, na mchoro wote utakudanganya.

Weka alama hizi upande wa kushoto, za mitokondria:

NADH: −0.32
Yubikwinoni: karibu +0.05
Saitokromu c: +0.25
Oksijeni kuwa maji: +0.82

Upande wa kulia, za kloroplasti:

Maji kuwa oksijeni: +0.82
P680, kiini cha fotosistemu II (fotosistemu ni mtambo wa protini na klorofili unaonasa mwanga): karibu +1.2, ikipigwa na mwanga, karibu −0.6
Plastokwinoni: karibu +0.1
Plastosianini: +0.37
P700, kiini cha fotosistemu I: karibu +0.45, ikipigwa na mwanga, karibu −1.3
Feredoksini: −0.42
NADP⁺ kuwa NADPH: −0.32

Unganisha alama kwa mishale. Kushoto utapata mteremko mmoja. Kulia utapata ile herufi Z iliyolala, ambayo Robin Hill na Fay Bendall waliichapisha mwaka 1960: kupanda, kushuka, kupanda tena, kushuka kidogo. Sasa weka rula kwenye miisho. Kushoto mnyororo unaanzia −0.32 na kuishia +0.82. Kulia unaanzia +0.82 na kuishia −0.32. Ni umbali ule ule wa sm 11.4, yaani 1.14 V, mmoja ukishuka na mwingine ukipanda. Hili ndilo jambo la kuandika kwenye sentensi ya kwanza ya jibu lolote la ulinganisho, na ni nadra kuliona kwenye karatasi za mitihani.

Geuza volti kuwa nishati: elektroni 2 × 96.5 (namba ya Faraday, kJ kwa volti kwa moli) × 1.14 ni takriban kJ 220 kwa kila moli ya NADH. Kupandisha elektroni 2 kutoka maji hadi NADPH kunagharimu kiasi hicho hicho. Mlipaji ni mwanga. Fotoni za nm 680 zina kJ 176 kwa moli, za nm 700 zina kJ 171, na kila elektroni inahitaji fotoni 1 ya kila fotosistemu. Kwa elektroni 2 ni fotoni 4, karibu kJ 694. Kwa hiyo kama theluthi moja ya nishati ya mwanga uliofyonzwa imebaki kwenye NADPH, na sehemu nyingine imekwenda kurundika protoni. Fotoni moja isingetosha kwa usalama: kJ 176 zinazidi kJ 110 zinazohitajika kwa elektroni moja, lakini kiini kimoja hakiwezi kuwa chanya kiasi cha kupasua maji na wakati huo huo hasi kiasi cha kulisha feredoksini, halafu kibaki na mteremko wa kurundika protoni. Ndiyo maana fotosistemu ziko mbili.

## Miisho

Kwenye mitokondria, kompleksi I hupokea elektroni 2 kutoka NADH kwa kutumia kibebaji FMN, huzipitisha kwenye safu ya vishada vya chuma na salfa hadi yubikwinoni, na husukuma protoni 4. Kompleksi II hupokea kutoka suksineti, zao la mzunguko wa Krebs, kupitia kibebaji FAD na haisukumi hata moja. Mteremko kutoka suksineti hadi yubikwinoni ni mdogo mno, na ngazi yako itakuonyesha ukiweka suksineti karibu na +0.03. Kompleksi IV hukusanya elektroni 4 na kuipa molekuli moja ya oksijeni. Katika kazi hiyo hutumia protoni 4 za matriksi kutengeneza maji na husukuma 4 nyingine juu. Kwa elektroni 2, gawanya kwa mbili.

Kwenye kloroplasti, mwanzo ni kupasuliwa kwa maji. Fotosistemu II ina kishada cha manganizi 4 na kalsiamu 1 ambacho hukusanya madeni manne ya elektroni kabla ya kuachia oksijeni. Mwaka 1969 Pierre Joliot alizipiga kloroplasti zilizokaa gizani kwa mimweko mifupi ya mwanga na kuona oksijeni nyingi ikitoka kwenye mmweko wa tatu, kisha kila baada ya minne. Bessel Kok alieleza mwaka 1970 kwa hatua S0 hadi S4: gizani kishada hutulia zaidi kwenye S1, ndiyo maana mara ya kwanza inahitaji mimweko mitatu tu. Linganisha na kompleksi IV. Kila upande una kimeng'enya cha metali kinachoshughulika na elektroni 4 kwa mkupuo, kwa sababu oksijeni iliyopewa elektroni pungufu ni hatari kwa seli.

Mwisho wa kloroplasti ni feredoksini, ambayo hubeba elektroni 1, na kimeng'enya FNR kinachokusanya 2 na kuipa NADP⁺ kwenye stroma.

Tahadhari mbili fupi. Oksijeni ya usanisinuru hutoka kwenye maji, si kwenye kabonidayoksaidi. Na mmea una minyororo yote miwili. Jani lina mitokondria zinazofanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo usiandike «mimea dhidi ya wanyama».

## Hesabu ya protoni na ATP

Rudi kwenye karatasi ya kwanza na kalamu nyekundu. Kwa kila elektroni 2:

Mitokondria kutoka NADH: 4 (kompleksi I) + 4 (III) + 2 (IV) = 10. Kutoka suksineti: 4 + 2 = 6.
Kloroplasti kwa mkondo ulionyooka, yaani kutoka maji hadi NADPH: 2 (maji yaliyopasuliwa ndani ya lumeni) + 4 (b6f) = 6.

Sasa bei ya ATP. ATP sinthasi huzunguka kama kinu cha maji, na kila mzunguko mmoja hutoa ATP 3. Protoni zinazohitajika kwa mzunguko ni sawa na idadi ya vipande vya protini viitwavyo c kwenye pete yake. Mitokondria za ng'ombe zina vipande 8: 8 ÷ 3 ni 2.67. Ongeza protoni 1 inayolipia kuingiza fosfeti na kubadilishana ADP na ATP kwenye utando wa ndani, unapata 3.67. Vitabu vingi hukadiria 4, na hapo ndipo zinapotoka 2.5 kwa NADH na 1.5 kwa suksineti. Ukitumia 3.67 utapata karibu 2.7 na 1.6. Tarakimu 3 na 2 za vitabu vya zamani ziache.

Kloroplasti ya spinachi ina vipande 14: 14 ÷ 3 ni 4.67. Hapa huongezi 1, kwa sababu ATP inatumika pale pale kwenye stroma. Protoni 6 ÷ 4.67 ni ATP 1.29 kwa kila NADPH. Mzunguko wa Calvin unadai ATP 3 kwa NADPH 2, yaani 1.5. Kuna upungufu wa kama 0.2, na hapa ndipo mkondo wa mzunguko unapopata maana: feredoksini inarudisha elektroni kwa plastokwinoni badala ya kuipa NADP⁺, b6f inarundika protoni zaidi, ATP inaongezeka, wala hakuna NADPH wala oksijeni mpya. Mkondo huu unahusisha fotosistemu I peke yake. Njia mojawapo hupitia kimeng'enya kiitwacho NDH, ambacho kwa muundo ni jamaa wa kompleksi I ya mitokondria. Mwanafunzi anayeandika kuwa mkondo wa mzunguko ni «njia ya ziada» bila kutaja upungufu huu ameacha sababu yake.

Nguvu yenyewe ya protoni ina sehemu mbili: tofauti ya chaji na tofauti ya pH. Katika mitokondria chaji ndiyo kubwa, karibu mV 150 hadi 180, na pH hutofautiana kwa chini ya 1. Kwenye thilakoidi pH hubeba mzigo mkubwa: stroma hukaribia 8 mwangani wakati lumeni iko karibu 6, kwa sababu ioni za kloridi na magnesiamu huhama na kupunguza chaji. André Jagendorf na Ernest Uribe walionyesha hili mwaka 1966: waliziloweka thilakoidi gizani kwenye pH 4, wakazihamishia ghafla kwenye pH 8 pamoja na ADP na fosfeti, na ATP ikatengenezwa bila mwanga wowote. Lilikuwa jaribio zito kwa hoja ambayo Peter Mitchell aliitoa mwaka 1961 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

## Pima uelewa kwa sumu

Kanuni ni moja: nyuma ya kizuizi vibebaji hujaa elektroni, mbele yake hubaki vitupu. Chukua kila sumu, weka msalaba kwenye mchoro, kisha sema nini kimejaa.

Rotenoni huziba njia ya kompleksi I kwenda yubikwinoni. Imo kwenye utupa, mmea ambao majani yake yaliyopondwa yametumika tangu zamani kulevya samaki mtoni. Kuvua kwa sumu leo ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Nyuma yake NADH hujaa, mbele yubikwinoni hukauka. Swali la mtego: ukiongeza suksineti, matumizi ya oksijeni yanarudi? Yanarudi, kwani kompleksi II inaingilia mbele ya kizuizi.

Antimaisini A huziba kompleksi III. Hapa suksineti haisaidii.

Sianidi hushika chuma cha hemu a3 kwenye kompleksi IV na mnyororo mzima hujaa. Muhogo mchungu una linamarini inayoachia sianidi tishu zikipondwa, ndiyo maana huloweshwa na kuanikwa kabla ya kusagwa. Kabonimonoksaidi ya jiko la mkaa nayo inaweza kushika hemu hiyo, lakini usiandike kwamba ndivyo inavyoua chumbani. Kwanza kabisa huiteka hemoglobini na kunyima tishu oksijeni. Mimea ina njia ya pembeni, oksidasi mbadala, inayotoa elektroni kutoka yubikwinoni moja kwa moja hadi oksijeni. Haizibwi na sianidi, na nishati ya sehemu hiyo hupotea kama joto.

Oligomaisini huziba ATP sinthasi, haigusi elektroni. Hata hivyo matumizi ya oksijeni hushuka, kwa sababu protoni zilizorundikana huzuia nyingine kusukumwa. Ongeza dinitrofenoli, inayovusha protoni kupitia utando, na oksijeni inaanza kutumika kwa kasi bila ATP. Asiyeweza kueleza sentensi hizi mbili bado hajaelewa uhusiano wa elektroni na protoni. Miaka ya 1930 nchini Marekani dinitrofenoli iliuzwa kama dawa ya kupunguza unene. Iliua watu kwa kupandisha joto la mwili.

Upande wa kloroplasti, dawa za kuua magugu dayuroni na atrazini hukaa kwenye nafasi ya plastokwinoni ndani ya fotosistemu II. Nyuma ya kizuizi elektroni hazina pa kwenda, nishati hurudishwa kama mng'ao mwekundu na jani huungua kwa mwanga wenyewe. Mahindi huvumilia atrazini kwa sababu huifunga kwa glutathioni kabla haijafika kwenye kloroplasti. Magugu mengi hayawezi. Parakwati, nayo dawa ya magugu, ni kitu tofauti. Haizibi, inaiba: huchukua elektroni kwenye fotosistemu I na kuipa oksijeni, ikitengeneza supaoksaidi, yaani oksijeni yenye elektroni moja ya ziada. Ndiyo sababu magugu yaliyonyunyizwa hunyauka kwa haraka juani. Usilete hata moja ya hizi kwenye maabara ya shule.

## Mezani: rangi mbili zinazopokea elektroni

Kwa kloroplasti tumia DCPIP, rangi ya bluu inayopoteza rangi ikipokea elektroni. Tengeneza bafa ya fosfeti ya 0.05 M, pH 7: Na2HPO4·12H2O g 4.48 na KH2PO4 g 1.70 kwenye maji hadi ml 500. Kwa mchanganyiko wa kusagia, yeyusha sukari g 34.2 na KCl g 0.19 kwenye bafa hiyo hadi ml 250, uweke kwenye barafu. DCPIP: g 0.01 kwenye bafa, ml 100.

Ondoa mishipa minene ya majani machache ya spinachi freshi, yakate, yasage haraka kwenye kinu baridi na ml 20 za mchanganyiko. Chuja kwa melimeli tabaka nne. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 5 hadi 10 kwa nguvu ya takriban mara 1,500 ya mvutano wa dunia, mwaga maji ya juu, koroga mashapo ya kijani kwenye ml 2 za mchanganyiko baridi. Kwenye kila neli weka ml 5 za DCPIP na ml 0.5 za kloroplasti. Neli ya kwanza weka sm 12 hadi 15 mbele ya taa ya W 100, ya pili ifunge kwa foili, ya tatu iwe na kloroplasti zilizochemshwa, ya nne iwe na DCPIP na ml 0.5 za mchanganyiko tu. Kwenye neli ya kwanza bluu hutoweka na kubaki kijani, mara nyingi ndani ya dakika 10.

Neli ya gizani ikipoteza rangi, hukuyamwaga vizuri maji ya juu: yana vitamini C, na vitamini C huondoa rangi ya DCPIP bila msaada wa mwanga. Rangi ikigeuka waridi, bafa imesahaulika na mchanganyiko umekuwa asidi. Isipobadilika kabisa, kloroplasti zilipata joto au zilikaa muda mrefu. Weka bika la maji kati ya taa na neli. Bahasha ya kloroplasti kupasuka si tatizo hapa, maana thilakoidi ndizo zinazofanya kazi na rangi inazifikia kwa urahisi zaidi.

Kwa upumuaji, koroga hamira g 10 na sukari g 2 kwenye ml 100 za maji ya °C 35, subiri dakika 15, mimina ml 10 kwenye neli na uongeze matone 3 hadi 5 ya methilini bluu ya asilimia 0.1. Bluu itafifia, na ukitikisa neli itarudi kwa sababu oksijeni ya hewa imechukua elektroni kutoka kwenye rangi. Jaribio hili linaonyesha elektroni za chakula zikihama, lakini halithibitishi kompleksi yoyote. Sehemu ya elektroni hizo hutoka kwenye vimeng'enya vya nje ya mitokondria. Isitoshe, hamira ya mikate haina kompleksi I, kwa hiyo kwenye seli zake rotenoni haizuii upumuaji.

Weka rangi zote mbili kwenye ngazi ya volti: methilini bluu kwenye +0.01, DCPIP kwenye +0.22. Kila moja hupokea kutoka kwa vilivyo juu yake na inaweza kuvipa vilivyo chini yake. DCPIP iko chini ya plastokwinoni, kwa hiyo huchukua elektroni kabla hazijafika fotosistemu I, na neli yako imepima hasa fotosistemu II. Iko juu ya plastosianini na P700. Ndiyo maana kwenye maabara za utafiti, fotosistemu II ikishazibwa kwa dayuroni, DCPIP iliyokwisha kupoteza rangi hutumika kuilisha elektroni fotosistemu I.